Kiti Kimoja cha Ndeke ya Lubumbashi

Baba yetu alikuwa na malori, na kwake urefu wa safari haukuwa kilometa. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi aliangalia mbingu kwanza: wakati wa kiangazi, siku moja, wakati wa mvua, Mungu anajua. Ndeke, kama tunavyoiita ndege huku kwetu, hakuwahi kuipanda.

Mvua zilikuwa zimekolea, zamani hizo za Zaïre, tulipopata habari kwa fonii, ile redio ya kuzungumzia ya wafanyabiashara. Baba, aliyekuwa akitibiwa Lubumbashi nyumbani kwa baba mdogo, alikuwa amezidiwa. Mimi na dada yangu mkubwa tulikimbilia uwanja wa ndege asubuhi ileile. Kiti kilikuwa kimoja.

Dada ndiye aliyemuuguza baba tangu miguu ilipomshinda. Alimwosha, alimlisha bukari, ugali wetu, kwa mkono wake.

"Yaya, enda weye," nikamwambia; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Nikienda mi, nani ataingia mu kaburi?" akajibu. "Weye ndjo mwanaume. Mi nitapata lori."

Mdomo wangu ulikuwa bado unabisha, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuruka. Niliona mashimo ya migodi ya Musonoi yakizidi kuwa madogo, halafu pori tupu, na furaha ikanishika kabla sijaikataza. Hata saa moja haikutimia, tukatua.

Baba alikuwa hai. Alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu.

"Dada yako?"

"Iko mu njia, baba."

"Anakuja na nini?"

"Na lori."

Aligeuza uso kuelekea dirishani, mvua ilikokuwa ikinyesha. Barabara ile aliijua kuliko sisi sote.

Alfajiri alikata roho, nikamfumba macho. Kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Baba mdogo alisimama nje akiangalia njia mpaka sala ya adhuhuri, kisha akasema basi, twende. Nilishuka kaburini nikampokea baba mikononi.

Dada alifika kesho yake jioni, matope mpaka magotini. Lori lilikatika ekseli kabla ya Likasi; alitembea, akadandia lingine. Aliketi juu ya mkeka pamoja na wanawake waliokuja kulia.

"Aliniulizia?"

Nilitamani kusema hapana; sikujua kama ingemuuma zaidi au ingempunguzia.

"Ndiyo, yaya. Weye tu."

Akajifunika kichwa kwa kitenge.

Hakunilaumu hata siku moja. Kwenye harusi na matanga huwaambia watu, kwa fahari kabisa, kwamba mdogo wake ndiye aliyemfumba baba macho na kumlaza kaburini. Watu hunitazama kwa heshima. Mimi huinuka, nikatoka nje, nikasimama uani mpaka nisikie wameanza mazungumzo mengine.