Uso Usio na Tabasamu

Mchoraji wa mtaani kwetu Oaxaca haulizi marehemu alikuwa na pua ya namna gani. Huuliza alivyofunga mlango alipokasirika, kisha hupaka rangi kwa kiganja, akinung'unika kama anayebishana na mtu. Wenzake huwapamba wafu kwa uongo, yeye hathubutu. Mwaka huu, siku ya kuwapokea wafu wanaorudi kuzuru nyumba zao, Doña Eduviges, mama mjane wa mtaa huu, alikuja kuchukua picha ya mumewe aiweke juu ya meza ya maua na mikate ya kumkaribisha. Akakuta weusi mzito uliobana alama ndogo nyekundu, bila macho wala mdomo.

"Fundi, huyu ni mume wangu au sufuria iliyoungua? Mtie tabasamu, bwana, wageni wanakuja."

"Kwani alikuwa anatabasamu, mama?"

"Wewe tia tu! Nani atajua?"

"Mwenyewe anarudi leo. Akiona tabasamu atadhani amekosea nyumba."

Mama akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akaigusa ile alama nyekundu kwa kidole.

"Hapa," akasema polepole, "ndipo alipokuwa akitaka kuniomba radhi, akashindwa."

Mchoraji alikuwa akinawa mikono. Mama akaondoka na picha kaikumbatia kifuani, rangi ingali mbichi, wala hakuijali blauzi yake nyeupe.