Fidia ya Kiti Kimoja

Barabara ya Wajir ilifungwa kwa vita, nikakata tiketi mbili za ndege ndogo nimpeleke mdogo wangu shuleni Garissa. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nilishaacha masomo. Sikutaka yeye aikose nafasi hiyo. Uwanjani karani akasema tiketi zimeuzwa kuliko viti: kwetu kimebaki kimoja, na atakayeachwa atapewa fidia.

Mdogo wangu alijua fidia ya madrasa tu, ile ya kulisha maskini kwa siku usizofunga. Akanigeukia kwa hasira, akiniita kaka kwa Kisomali.

"Aboowe, kwani ulikula Ramadhani?"

Hata rubani wetu, aliyesimama kando, alicheka. Nikamwambia fidia yangu ni moja: amkabidhi mdogo wangu kwa mwalimu wake kule Garissa, mkononi. Rubani akakubali, akamshika mkono. Alipanda bila kulia, nami nikajizuia mpaka mlango ulipofungwa.