Jumapili ya Jela

Katika Kanisa la Wabatisti la Pell's Ford, Virginia, hakuna aliyejua kuzomea kama Bi Verlene Tackett. Miaka nenda miaka rudi aliwafundisha watoto Biblia, na mkate wake wa mahindi ulisifiwa hata na mahasimu wake. Lakini kwenye kuzomea ndiko alikovuma, na alizomea kwa baraka zote za mchungaji.

Kila mwaka, Jumapili inayotangulia sikukuu ya uhuru, waumini hukusanyika nje ya jela ya zamani, kijumba cha mawe nyuma ya mahakama. Humo, enzi za mfalme wa Uingereza, mababu zao walifungwa kwa kosa la kuhubiri bila leseni ya serikali, iliyokuwa na kanisa lake rasmi. Hawakunyamaza. Walihubiri kupitia dirishani, na watu wa nje wakapiga ngoma ili wasisikike. Basi mpaka leo mtu mmoja hufungiwa ndani akahubiri, na wenzake nje hupiga sufuria na kumzomea kama walivyozomewa wale. Wakimaliza hula kuku wa kukaanga.

"Leseni yako iko wapi, we mpiga kelele?" ndivyo Bi Verlene alivyozoea kubwata, mwiko ukilia kwenye sufuria. "Hii ni nchi ya Kikristo! Usituvurugie!" Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Mwaka huu waumini walimchagua yeye ahubiri, mwanamke wa kwanza kuingia mle. Alikubali kwa furaha, maana alikuwa na jambo lake. Marehemu mumewe, Orville, alimtaka amwahidi akiwa kitandani mwa mauti: asimamishe jiwe mbele ya mahakama, lichongwe maneno kwamba waasisi waliijenga Marekani iwe nchi ya Kikristo. Baraza la mji lilikwisha kubali na jiwe lilikuwa kwa fundi. Kilichobaki ni yeye kuyatangaza maneno hayo kutoka dirishani, na Jumatatu fundi aanze kuchonga.

Asubuhi ile shemeji yake, Dewey, alimchokoza wakiwa wanapanga meza.

"Shemeji, hao waasisi uliwauliza?"

"Walisali, Dewey. Walifunga na kuomba."

"Wengine walisali. Wengine kanisani waliingia siku ya harusi tu, kama mimi."

"Na wewe ndiyo maana hakuna anayekuchongea jiwe. Lete mayai hayo, usiyale!"

Mchungaji Somers akamfungulia mlango, akamfungia. Ndani palikuwa na baridi ingawa jua la Julai liliwaka. Bi Verlene hakuwahi kuingia humo maisha yake yote. Jela aliijua kwa nje, upande wa sufuria. Akasogea dirishani, akashika nondo. Ukingo wa jiwe chini ya nondo ulikuwa umelika, umekuwa laini kama kizingiti cha nyumba ya zamani, na viwiko vyake vikatulia palepale, kana kwamba alipimiwa. Viwiko vya nani vilililainisha jiwe hili?

Akafungua kinywa. Sufuria zikalipuka. Aliyatazama macho ya watu aliowapenda na hakuona hata mmoja anayemsikiliza. Kisha Dewey, aliyerithi zamu yake, akaja mpaka dirishani, uso umemwiva kwa kicheko, akanguruma:

"Nyamaza! Hii ni nchi ya Kikristo!"

Maneno yale yalikuwa yake, na ndiyo aliyokuja kuyatangaza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bi Verlene akazikaza nondo mikononi, akawaza. Waliowafunga mababu hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo wanaokwenda kanisani, na hakimu wao alikuwa na Biblia mezani. Na baadhi ya watu waliokuja kuiandikia nchi sheria walikuwa vijana wa Virginia hii hii siku zile, habari za madirisha kama hili zikiwafikia. Waliosali na wasiosali walikubaliana kwamba serikali isishike tena ufunguo wa mlango huu. Alikuwa ameishi mtaa mmoja na jambo kubwa namna hii akalipigia sufuria! Machozi yakamtoka bila aibu.

Nje, sufuria moja moja zikanyamaza.

"Bi Verlene?" mchungaji aliita. "Unaumwa?"

"Siumwi. Mungu wangu, siumwi hata kidogo." Akajifuta kwa kiganja. "Sina leseni. Sikilizeni hivyo hivyo."

Akahubiri. Alisema Kristo aliingia chumba hiki upande wa waliofungwa, wala hakuhitaji hakimu amshikie mlango. Hakuna aliyemzomea. Hata Dewey alivua kofia.

Mlango ulipofunguliwa, mchungaji alimnong'oneza, "Na jiwe je? Fundi anangoja yale maneno."

"Maneno yale hayachongwi."

"Na ahadi ya Orville?"

Hapo ndipo palipomuuma Bi Verlene.

"Orville nitaonana naye. Nitamweleza mwenyewe, na atanuna, namjua. Jiwe liwekwe hapa, chini ya dirisha. Mwambie fundi aandike: *Hapa watu walihubiri bila ruhusa.*"

Kisha akamgeukia Dewey, akanyoosha mkono.

"Nipe sufuria yangu."

Dewey akampa. Akaenda nayo mezani, akaijaza kuku.