Mahakama Haikai Kwenye Simu

Baba alikuwa anamenya chungwa barazani kwangu, Kibaha, aliposema kwamba akifa tumzike hapahapa mjini, tusihangaike kumsafirisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari. Nikamwuliza, na mama je? Akaendelea na chungwa lake mpaka ganda likatoka zima, kisha akanijibu kwamba mama yuko kwenye ardhi ya watu, na yeye hajazoea kulala kwenye ardhi ya watu.

Mama yangu amezikwa Kisarawe, kwenye shamba la babu mzaa baba, karibu na mikorosho ambayo baba aliipanda mwenyewe akiwa kijana. Hapo ndipo palikuwa nyumbani kwetu. Kwa desturi yetu, mwezi wa Shaaban watu huenda kufyeka makaburi ya wazee wao na kuwasomea dua kabla Ramadhani haijaingia. Tangu ahamie kwangu baba alikuwa haendi, na sisi watoto wake alitukataza kwenda. Mwezi huo ukifika alikuwa anageuka mkali kwa vitu vidogo: chai ina sukari nyingi, redio ina kelele, mlango umefungwa vibaya. Sote tulijua kinachomuuma, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Kilichomtoa Kisarawe ni kesi. Yeye na mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, waligombea shamba hilo baada ya babu kufariki. Baba alishinda kwenye baraza la kata. Baba mdogo akaenda baraza la wilaya, akashinda yeye. Baba akakata rufaa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na huko shauri likaanza kuahirishwa: leo jaji yuko safarini, mara nyingine jalada halionekani. Ndugu hao wawili walikuwa wanapanda basi moja asubuhi, mmoja anakaa mbele na mwingine nyuma, na jioni wanarudi na basi moja bila kusalimiana. Mtu akiniambia kwamba wazee wana busara, huwa namwomba anisubiri nimsimulie habari ya basi hilo.

Siku hukumu iliposomwa baba alikuwa kitandani na homa, nami nilikuwa nimekwenda kumuuguza. Baba mdogo alikwenda peke yake. Jioni tukasikia vigelegele upande wa pili wa shamba, na muda si mrefu harufu ya pilau ikatufikia mpaka chumbani. Kisha mke wa baba mdogo akaja na sahani iliyofunikwa kwa kawa, akaiweka mbele ya baba, akapiga goti, akaondoka. Kwetu mtu hachinji mbuzi na kupika pilau katikati ya wiki bila sababu. Baba hakuuliza mahakama imesema nini. Aliirudisha sahani vilevile, bila kuifunua, na yeyote aliyelelewa Uzaramoni anajua kwamba kurudisha chakula bila kukifunua ni tusi zito kuliko la mdomo.

Hivyo ndivyo sisi tulivyoisoma hukumu ya Mahakama Kuu: kwa pua. Homa ilipompungua baba alifungasha nguo zake, akahamia kwangu Kibaha, akaapa kwamba hatakanyaga tena shamba alilonyang'anywa. Nilipojaribu kumwuliza aliniambia, "Tumeshindwa, mama. Usiniulize tena." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo siwezi kubishana naye.

Mimi ni katibu muhtasi kwenye kiwanda kimoja Zegereni. Mwanasheria wa kiwanda ni Mnyamwezi nami ni Mzaramo, makabila yanayotaniana, kwa hiyo ni mtani wangu, na hatupitani koridoni bila kurushiana maneno. Kabla kiwanda hakijanunua kiwanja chochote, yeye huingia kwenye mfumo wa ardhi kuona kimeandikwa jina la nani, halafu huingia kwenye tovuti ya hukumu za mahakama kuona kama mwenye jina hilo ana kesi. Zamani kazi hiyo ilimchukua safari nyingi za kwenda kukaa kwenye mabenchi ya masjala. Siku hizi anaifanya huku anatafuna karanga.

Akina dada wa ofisini tulipoigundua tovuti hiyo tuliigeuza matumizi. Mwenzetu akitaja mchumba, kabla mchumba huyo hajaletewa soda ukweni, jina lake limeshaandikwa pale tuone kama ana mke aliyemwacha njiani. Wapo waliookoka kwa njia hiyo, na yupo mmoja aliyeamua kuolewa hivyohivyo.

Sasa, siku ile baada ya maneno ya baba juu ya kuzikwa mjini, nilikaa mezani kwangu na moyo mzito. Mchana wenzangu walipokwenda kula, nikaandika jina la baba. Sijui niliogopa nini, maana kushindwa tulikuwa tumeshashindwa. Likatokea. Majina matatu ya baba, halafu majina matatu ya mdogo wake, yamewekwa uso kwa uso. Kwanza niliona aibu. Mtu yeyote duniani mwenye simu na kifurushi anaweza kufungua na kuona kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja walishtakiana. Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu, nikaanza kusoma.

Kiingereza changu ni cha barua. Kiingereza cha jaji ni kingine. Nilisoma ukurasa wa kwanza mara mbili nikaona tu kwamba shamba letu limetajwa na mikorosho imetajwa. Nikaruka mpaka mwisho kutafuta mahali palipoandikwa kwamba baba mdogo ameshinda, sikupaona. Nikaichapisha, nikampelekea mtani.

Alisoma kurasa zote bila utani wowote, jambo lililonitisha.

"Mtani," akasema, "huku hakuna aliyeshinda."

"Hakuna vipi? Watu walichinja mbuzi."

"Mbuzi ni wenu. Jaji amefuta kila kitu, cha kata na cha wilaya. Babu yenu alipofariki, mlifungua mirathi?"

"Tulisoma hitima."

"Hitima si mirathi." Akaweka karatasi chini. "Hapakuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumshtaki mwenzake kwa mali ya marehemu. Jaji anasema shamba ni la babu yenu mpaka leo. Waende mahakama ya mwanzo, ateuliwe msimamizi, wagawane."

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikacheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikanawa uso. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira. Miaka yote ile mama amelala peke yake, na hakuna mtu aliyetufukuza.

Jioni nilimwonyesha baba kwenye simu kwanza, kwa sababu sikuweza kungoja nivue viatu. Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Mahakama haikai kwenye simu," akasema.

"Baba, ndiyo hukumu yenyewe. Wameiweka kila mtu aisome."

"Mhuri uko wapi?"

Nikatoa zile karatasi kwenye mkoba. Juu palikuwa na nembo ya taifa, na mwisho palikuwa na mhuri na saini. Baba alizisogeza mbali na macho yake, akapitisha kidole juu ya mhuri kana kwamba wino bado mbichi. Akasema soma. Nikaanza kwa Kiswahili, akanikatiza, niisome kwanza kama jaji alivyoiandika. Basi nikamsomea Kiingereza nisichokielewa, naye akakisikiliza asichokielewa, ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema sasa nieleze. Nikamweleza kama mtani alivyonieleza.

Akazichukua karatasi, akazigeuza nyuma na mbele.

"Kwa hiyo shamba la nani?"

"La babu."

"Babu yako amekufa siku nyingi."

"Mahakama inasema bado ni lake, mpaka mtakapogawana."

"Kumbe tumeshindwa na marehemu," akasema, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Halafu uso ukafunga tena. "Na lile pilau?"

Swali hilo lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu. Namba ya baba mdogo nilikuwa nayo, nilipewa na binti yake kwenye msiba mmoja wa mjini, nikaihifadhi kwa jina la fundi bomba ili baba asiione. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Nilimwamkia, tukaulizana hali za watu wote na za kuku pia, ndipo nikamwuliza siku ile alichinja mbuzi kwa nini.

Nikamsikia anamwambia mtu huko azime redio.

"Mwanangu, hata mie ile hukumu sikuielewa. Karani alinifuata nje akaniambia, mzee nenda nyumbani, kesi imekwisha, kaelewane na ndugu yako. Basi nikafurahi. Nilikuwa nimechoka kupanda basi na kaka yangu nisiseme naye. Nikachinja, nikasema sahani ya kwanza iende kwake. Ikarudi na kawa juu yake."

Baba alikuwa anasikia kila neno. Aliangalia ukutani.

"Kata simu," akaninong'oneza. "Unamaliza salio."

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza, kwa kuwa sasa palikuwa na suala la nani amfuate nani. Baba akasema mdogo ndiye humfuata mkubwa, aje Kibaha. Nilipopiga tena, baba mdogo akasema kwa adabu kabisa kwamba aliyerudisha sahani ndiye anayejua njia. Nikarudisha ujumbe, nikapewa mwingine. Siku ya tatu ya upatanishi huo niliwaka, nikamwambia baba kwamba wote wawili wakifa na ujinga wao nitawazika kaburi moja wakamalize basi lao huko. Sijawahi kumwambia baba neno kama hilo. Yeye akaniambia tu nimletee maji.

Jumamosi nikaamka nikamkuta sebuleni amevaa kanzu na kofia, fimbo mkononi, karatasi za hukumu zimekunjwa mfukoni.

"Twende Kisarawe."

"Kwa baba mdogo?"

"Nani amekwambia naenda kwake? Karatasi yako si inasema shamba ni la baba? Naenda kwa baba yangu. Nikimkuta mtu huko, nitamsalimia."

Nilipumua kama mtu aliyetua ndoo. Nikampigia mtani, akaja na gari lake, tukashika njia ya Kiluvya kuelekea milimani. Baba alikaa mbele. Kadiri tulivyopanda, ndivyo alivyozidi kuongea: hapa palikuwa na duka, hapa palikuwa na mti mkubwa, huyu amejenga lini? Mtani alimwuliza kama ni kweli Wazaramo huacha kesi ngoma ikilia. Baba akamjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani wamebeba mizigo ya watu, na kama ana nafasi kwenye buti kuna korosho za kubeba. Sikuwa nimemsikia akitania tangu alipohamia kwangu.

Baba mdogo alikuwa uani anaanika mihogo. Amezeeka. Alituona, akafuta mikono kwenye shuka aliyojifunga, akaja mpaka katikati ya uwanja, akasimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema baba. Kisha, baada ya muda, "Nimekuja kwa baba."

"Karibu kwa baba."

Tulikunywa chai na mihogo. Baba akatoa karatasi zake mfukoni, nami nikaisoma hukumu kwa mara nyingine, safari hii nikaanza moja kwa moja na Kiswahili. Wakakubaliana kwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Juu ya nani awe msimamizi kila mmoja alimsukumia mwenzake, nikamwona mtani anajizuia kucheka. Halafu baba akanyanyuka, akashika fimbo, akasema nimpeleke kwa mama.

Njia nzima nilikuwa nawaza majani. Nilijua nitakuta kichaka, nilikuwa nimebeba hata panga. Tulipofika nikabaki nalo mkononi. Kaburi la mama lilikuwa limefyekwa, limezungushiwa mawe, na hakukuwa na hata kijiti. Kandokando yake wamezikwa watu wengine wa ukoo waliofariki tukiwa Kibaha, wamepangwa kwa mstari. Lakini ubavuni kwa mama, upande wa kulia, paliachwa nafasi, nayo imezungushiwa mawe yake.

"Kila Shaaban nafyeka," akasema baba mdogo. "Watu walitaka kuzika hapo. Nikawaambia hapo pana mtu."

Baba aliinua mikono, tukamsomea mama dua sote, hata mtani, ambaye ni Mkristo, akasimama ameinamisha kichwa. Nilikuwa nalia, na sikuona haja ya kujifuta.

Baada ya dua baba alisimama pale kwenye mawe, akapaangalia kwa urefu, akapaangalia kwa upana.

"Umenipimia padogo," akasema.

Baba mdogo akasogea, akasimama karibu naye mpaka mabega yakagusana.

"Nilipima nikiwa na hasira, kaka. Tutapaongeza."