Mama wa Mapasa Aenda Bombani

Kuzingirwa nako kuna ratiba yake. Alfajiri risasi, jua la utosi kimya kidogo, jioni makombora. Ilikuwa wakati wa vita vya Katanga. Majandarme, askari wa Katanga, walikuwa wamepanga magunia ya mchanga kando ya bomba pekee la mtaa wetu lililobaki na maji, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walikuwa ng'ambo ya reli. Sisi tulikuwa katikati. Yeyote aliyesogelea bomba alipigwa risasi.

Mama alikuwa amejifungua mapigano yalipoanza tu. Homa ikampanda, midomo ikapasuka, maziwa yakaanza kumkauka. Mvua bado, na pipani palibaki tope. Baba akasema ataenda yeye. Shangazi, dada yake, akamwambia akae chini, mwanamume hatafika hata kwenye kona.

Shangazi alikuwa amezaa mapasa, yaani pacha. Kwetu Waluba, mama wa mapasa ana ruhusa ambayo hata chifu hana: humwimbia matusi yeyote amtakaye, na anayemkasirikia au kumgusa anajitafutia balaa. Basi alijipaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka na kinga, akajitwika ndoo, akashika katikati ya barabara.

Mtutu wa bunduki ukamgeukia. Akaanza kuimba. Maneno yale sitayaandika, nina wajukuu wanaojua kusoma. Yaliwahusu mama za wale askari, na baba zao, na namna walivyopatikana, bila kuficha kitu. Mimi, msichana mkubwa wa kusonga bukari, ugali wetu, nilichungulia dirishani kwa jicho moja, tayari kulala chini. Yeye alikuwa anacheza.

Ndipo nyuma ya magunia sauti ya kiume ikaitikia. Moja, kwa woga. Halafu ya pili, halafu wote. Watu waliotulaza chini ya vitanda tangu alfajiri walikuwa wakipokea kiitikio, wakiijua mila ile kama vijana wa nyumbani. Nimeishi miaka mingi na sijaona tena jambo la kunistaajabisha hivyo.

Jandarme mmoja akatoka, akaweka bunduki chini, akamjazia ndoo mwenyewe, kwa kuwa mama wa mapasa haachwi aende mikono mitupu. Kisha akapiga magoti.

"Mama, unipake na miye pemba," akasema. "Leo mangaribi banatutuma ku reli."

Shangazi akaacha kuimba. Akampaka kwenye paji la uso, polepole. Wenzake wakaja nyuma yake, mmoja mmoja, wakapiga magoti pale vumbini.

Nyumbani, Mama alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka na mtoto ananyonya kwa fujo. Milio ikaanza kule relini. Shangazi hakutaka chakula. Alikaa karibu na mlango, mikono ingali myeupe, na kila kishindo kilipolia alifumba macho.

"Nilibapaka bote," akaniambia. "Hakuna hata mumoja nilimuacha."