Aliyeniomba Khabari Adhuhuri

Haya nitakayokusimulia yamenikuta mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu, sikuwa na homa wala sikuwa usingizini. Jua lilikuwa la utosi, na macho yangu siku hizo yalikuwa mazima, si haya ya leo yanayohitaji miwani. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Tulitoka Unguja mwaka mmoja baada ya mapinduzi, mimi, mama yangu na mdogo wangu Zuwena. Baba tulikuwa tumeshamzika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Zuwena kumi na tisa. Maskati ya wakati ule usiifikirie hii ya sasa yenye barabara na taa. Lango la mji lilikuwa likifungwa jioni, na ukitembea baada ya hapo lazima uwe na fanusi mkononi. Lakini hata mjini hatukukaa. Binamu yake baba, Ami Nasor, alikuja kutupokea akatuchukua kusini, kupita Sidab, kwa njia ya milimani, mama juu ya punda na sisi kwa miguu, mpaka kijijini kwake. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu wale wapo na hawana kosa lolote.

Basi tukaanza kujifunza kuishi upya. Hakuna nazi, hakuna muhogo, hakuna kivuli ila cha mitende. Maji yote yalitoka kwenye falaji, yaani mfereji unaoteremka kutoka mlimani na kupita shamba kwa shamba. Wanawake walizicheka kanga zetu, na Kiarabu chetu wakakicheka zaidi. Siku ya kwanza kukaribishwa kahawa nilikunywa vikombe tisa. Kila nikimaliza natiliwa kingine, nami naona haya kukataa, moyo unanidunda mpaka masikioni. Sikujua kuwa ukitosheka unakitikisa kile kikombe kidogo, basi, hutiliwi tena. Aliyenifundisha ni Bi Salma, dada yake Ami Nasor, mjane aliyekaa Pemba utotoni na bado akikumbuka Kiswahili. Alicheka siku hiyo mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikampenda tangu hapo.

Yeye ndiye aliyenifundisha na mambo ya khabari. Kule mkikutana, baada ya salamu, mtu anakuuliza kama kuna khabari. Na jibu ni moja tu: hakuna, ni kheri. Hata kama usiku wa jana nyumba yako imeungua, unasema hakuna, ni kheri. Mnakaa, mnakunywa kahawa, mnatazamana, ndipo khabari inatoka kidogo kidogo, tena kwa anayestahiki kuambiwa. Sasa sisi watu wa Unguja unatujua. Ukituuliza khabari utapewa zetu, za jirani, na za yule aliyepita sasa hivi na kapu lake! Nilimfanyia hivyo mama mmoja aliyekuja kuazima kinu, na Bi Salma akanivuta ndani kwa mkono.

"Mwanangu, mdomo wako hauna mlango? Hapa mtu hatoi khabari ovyo. Na saa za adhuhuri, watu wamelala, akikuuliza mtu yeyote, mwanamke, mwanamme, mtoto, hata ukimjua, mwambie hakuna, uondoke. Umesikia?"

"Kwa nini adhuhuri, Bi Salma?"

"Nshakwambia. Hilo tu."

Nikadhani ni ushamba. Ndivyo nilivyodhani, na nakiri.

Tulikaa hivyo kama miezi minane. Halafu Ami Nasor akamtaka Zuwena. Alikuwa na umri wa kumzaa. Alikuwa amerudi muda mfupi kabla ya kutupokea, kutoka Kuweti alikokaa miaka mingi, na watu wakimwogopa. Alimwita mama, akamwambia mbele yetu kwamba harusi ni Ijumaa ijayo. Hakuuliza. Mama aliinamisha kichwa akasema inshallah, maana tungekwenda wapi? Zuwena alitoka nje akatapika. Mimi nikasema hataki. Neno hilo moja tu, hataki. Ami Nasor alivua kiatu akanipiga nacho usoni, mara mbili.

"Mmekuja hapa na nguo za mwilini," alisema. "Mkila changu, mnyamaze."

Niamini, kipigo hakikuniuma. Kilichoniuma ni kuwa baadaye aliniagiza nimpelekee chakula chake, nami nikakipeleka, nikamwekea na maji, nikamwambia karibu, Ami. Usiku Zuwena alinishika mkono akaniambia, "Dada, fanya kitu." Nifanye nini? Nilijaa chuki ambayo sikuwahi kuijua. Nilimwombea afe, kila baada ya sala.

Jumatatu ya wiki ile, adhuhuri, nilishindwa kukaa nyumba moja naye nikenda falajini na nguo za kufua. Kijiji kizima kilikuwa kimelala. Ng'ambo ya mfereji nikamwona mwanamke amekaa juu ya jiwe, amejitanda kanga. Kanga! Tangu tufike, sijamwona mtu wa kule na kanga isipokuwa sisi.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Za kwetu?"

Kiswahili safi cha mjini. Unajua ilivyo kukaa miezi minane unasema na watu kwa kubabaisha, halafu mtu akakuuliza za kwetu? Nililia pale pale.

"Bibi, wewe wa Unguja?"

"Wa Ng'ambo, mjini. Miaka mingi sijapata khabari. Kila n'nayemuuliza hapa ananambia hakuna. Nipe khabari, mwanangu."

Nikampa. Nikampa zote, mdomo wangu kweli hauna mlango. Mapinduzi, baba, safari, kiatu usoni, Zuwena, Ijumaa. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilipotaja jina la Ami Nasor akanyanyua kichwa.

"Amerudi?"

"Amerudi, Bibi. Yumo ndani, amelala."

"Analala chumba gani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Ndipo nikaona mkono wake. Ulikuwa unang'aa kwa asali ya tende, na sisimizi walikuwa wakipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, mstari mzima, wengine wanaingia ndani ya nguo. Hakuwapangusa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na miguu yake ilikuwa ndani ya maji ya falaji lakini haikurowa. Niliacha nguo zote nikakimbia.

Jioni ile Ami Nasor alimimina kahawa yake, na kikombeni wakatoka sisimizi. Akakitupa. Akatutazama mmoja mmoja, uso umemgeuka rangi, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani katoa khabari?" Akahamisha kitanda chake usiku huo huo, akaenda chumba cha juu kinachowekwa magodoro, na komeo akalitia kwa ndani. Akaamrisha chakula apelekewe na mimi peke yangu.

Asubuhi Bi Salma aliniweka jikoni akafunga mlango. Alinisimulia akiwa anapeta mchele, hanitazami. Ami Nasor alikuwa na mke kabla, Mwanakhamis, alimwoa Unguja akamleta huku akiwa msichana. Hakuzoea. Akilia kila siku, akitaka kwao. Wiki moja ya kiangazi Ami Nasor alichoka na kilio chake, akamfungia ndani ya chumba cha tende, mle zinamopangwa tende magunia kwa magunia mpaka asali ivuje chini. Akatia ufunguo mfukoni akenda harusini kijiji cha pili. Alikaa siku tatu.

"Alikuwa akigonga," Bi Salma alisema. "Akiomba maji. Kijiji chote kilisikia. Mimi nlisikia. Nlikaa nje ya mlango nikimwambia subiri, atarudi, subiri. Hakuna aliyethubutu kuuvunja."

"Na wewe hukuthubutu?"

"Sikuthubutu."

Ami Nasor alipomzika alikimbilia Kuweti. Na Mwanakhamis akaanza kuonekana falajini saa ile aliyokufa, akiuliza. "Haoni alipo mtu mpaka aambiwe," Bi Salma alisema. "Ndiyo maana tumeshika hakuna, ni kheri. Sasa ushamwambia amerudi. Hajui chumba tu. Usende tena huko, nakuomba kwa Mungu."

Sasa nikuulize wewe unayesoma haya. Mara ya kwanza nilisema kwa kutojua. Ungekuwa wewe, na mdogo wako hajala siku tatu, ungekaa jikoni?

Jumatano nilimpelekea Ami Nasor chakula chake juu. Alifungua mlango kidogo tu, akapokea sahani na mtungi wa maji, akaniuliza kama Zuwena ameshapakwa hina. Nikamwambia bado. Akasema apakwe leo, na akilia afungwe mikono. Akafunga. Nikasikia komeo linaingia.

Nikateremka moja kwa moja mpaka falajini. Alikuwepo, jiwe lile lile.

"Nipe khabari, mwanangu."

"Yupo chumba cha juu," nikasema. "Cha magodoro. Mlango wa kushoto ukimaliza ngazi. Amejifungia kwa ndani. Nimetoka kumpa chakula sasa hivi, na baada ya kula hulala."

Nilisema pole pole ili asikosee. Akainama kwenye falaji akanywa. Alikunywa kama ng'ombe, na wallahi nilisikia maji yakimshuka kooni. Maji ya mfereji yalipungua mpaka nikaona mawe ya chini. Aliponyanyuka midomo yake ilikuwa laini.

"Wewe ndiye wa kwanza kunipa," akasema. "Sitokusahau."

Nikafurahi kuambiwa hivyo. Mjinga mimi!

Ami Nasor hakushuka kusali alasiri. Wanaume walivunja mlango. Alikuwa amelala chini, kando ya mtungi uliojaa mpaka shingoni, midomo imempasuka, ulimi umekauka umekuwa mweusi, kucha zimeng'oka kwa kukwangua mlango ambao komeo lake lilikuwa upande wake. Mzee mmoja aliyewahi kusafiri jangwani alisema maiti ya namna ile anaijua, ni mtu aliyekosa maji siku tatu. Nami nilimpa mtungi ule adhuhuri ya siku ile ile. Bi Salma alinitazama mara moja tu, akaenda kutafuta sanda. Mimi sikulia. Nitasema kweli, nilikula vizuri usiku ule, na Zuwena alikula na mimi.

Mambo yalipofunguka nchini mwaka wa sabini tulihamia mjini. Zuwena aliolewa na mtu mwema, akapata watoto, leo anakaa Al Khuwair ghorofa ya tatu. Mimi nikaolewa pia, nikafanya kazi ofisini. Ningesema tulisalimika.

Lakini sikiliza. Kazini kulikuwa na mwanamke aliyenisengenya kwa mkubwa wetu. Nilirudi nyumbani nimechafuka roho, nikakaa nikimwazia mabaya. Adhuhuri mlango ukagongwa. Nikauliza nani.

"Nipe khabari, mwanangu."

Ndipo nilipojua hakunisahau. Tangu siku ile, kila nikimchukia mtu kikweli, mlango unagongwa adhuhuri, na kizingitini nakuta sisimizi. Anataka kujua mtu huyo analala wapi. Amekuwa wangu, naye anadhani ananilipa wema. Nimejifunza kumeza. Matusi nameza, dharau nameza. Watu husema nina subira, wananisifu. Mara moja tu katika miaka yote hii nilijibu nyuma ya mlango. Sitokwambia nilimtaja nani. Nimeshafanya toba, na kila mwaka naenda kusoma fatiha kaburini kwake.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita, mbele ya wageni, Zuwena alinambia kwamba mimi nina kijicho tangu usichana. Kwamba posa yake ya kwanza, ya tajiri wa kijijini, niliitia nuksi kwa wivu, nikamharibia, angekuwa bibi mkubwa mwenye mashamba. Wageni walicheka. Na yeye akacheka, Zuwena, aliyenishika mkono usiku akaniambia dada fanya kitu. Ameshasahau, au anajifanya. Niliondoka na kitu kinanichoma kifuani, na mpaka leo hakijapoa.

Kesho yake adhuhuri mlango uligongwa. Nilijaza kanga mdomoni nikakaa chini mpaka nikasikia adhana ya alasiri. Juzi hivyo hivyo. Jana aligonga akataja jina mwenyewe: "Zuwena analala wapi, mwanangu?" Na mimi najua. Chumba cha mwisho, karibu na dirisha, hulala baada ya kula. Maneno yote yalikuwa yamenijaa kinywani.

Nawe unayesoma, chunga. Akikuuliza khabari usiyemjua, saa watu wamelala, mwambie hakuna, ni kheri. Na ukiwa umekasirika usimwambie hata unayemjua. Usiseme umeonewa. Mimi nilionewa, na ona nilipo.

Zuwena, kama haya yatakufikia, nipigie simu. Uniombe radhi, hata ya uongo nitaipokea. Lakini ipige kabla ya adhuhuri.