Mama Besi na Sauti Iliyofia Katikati ya Ukumbi

Saa moja asubuhi, ukumbi wa shule bado unanukia sabuni ya kudekia. Fundi spika amepiga magoti mbele ya spika kubwa kuliko yeye, betri ya tochi mkononi. Anagusisha nyaya mbili, na koni ya spika, ule uso wake wa karatasi, inaruka mbele. Anahamia spika ya pili. Hiyo inarudi ndani.

"Ahaa! Mchawi ndiye huyu!"

Wiki nzima walimu wamelalamika kwamba ukikaa katikati ya ukumbi sauti inapwaya, ukisogea pembeni inarudi. Fundi huyu, Mama Besi kama mtaa mzima unavyomwita, anaeleza huku akibadilisha nyaya.

"Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Mawimbi yakikutana katikati yanauana. Watu wawili wakisukuma mlango mmoja, huyu ndani, yule nje, mlango utakwenda wapi?"

Nani alizifunga hivyo? Anacheka mpaka anashika ukuta.

"Si ni mimi mwenyewe! Nilifuata rangi za waya, kumbe zimepishana. Zamani ningesikia palepale."

Miaka ishirini na miwili ya kusimama mbele ya spika za harusi na mikutano imemla masikio. Zilizotangulia kumuaga ni sauti nyembamba, zile ambazo mawimbi yake hufuatana upesi upesi. Nzito, ambazo mawimbi yake huachiana nafasi, bado anazipata. "Ndege wameninunia," anasema. "Besi bado tunasalimiana."

Waliomshauri afunge duka ni wengi. Yeye aliwajibu kwamba vidole havijaziba, na kweli, huweka kidole kwenye koni akaujua ugonjwa. Mwanamke huyu ana moyo, tuseme ukweli.

Lakini kuna jambo ambalo vidole havimsaidii. Jumamosi ni mahafali, na kitindamimba wake ataimba peke yake mbele ya kwaya. Binti ana sauti nyembamba, ya juu.

"Nyumbani akiimba namwona mdomo tu," anasema mama, na kicheko kimekwisha. "Inaniuma, nisikufiche."

Mazoezi yanaanza. Mama Besi anaketi katikati kabisa. Binti anaimba, wenzake wanashangilia. Mama anatikisa kichwa.

"Mbona inasikika vizuri, mama?" mwalimu wa muziki anashangaa.

"Spika ni nzima, mwalimu. Mbovu ni mimi."

Binti anashuka jukwaani, anamnong'oneza mwalimu. Mwalimu anakuna kichwa.

"Kwaya nzima itabidi ishuke hadi sauti nzito, na zimebaki siku tatu!"

"Watashuka, mwalimu," binti anamjibu. "Mama hawezi kupanda."

Kinanda kinaanza upya, chini sana. Safari hii binti anaitoa sauti kifuani. Mama Besi, aliyekuwa anakusanya koleo zake, anaziacha. Anashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Loo!" anasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia sauti zao wenyewe. "Kumbe ana sauti ya bibi yake!"

Ukumbi unaangua kicheko. Binti anacheka pia, anajifuta macho kwa mkono wa sare, anaendelea.

Jumamosi Mama Besi anataka kiti hichohicho, na ameshamwonya mlinzi asimpe mtu.

"Huko mbele hata besi itaniaga, Mungu ndiye ajuaye," anasema. "Ikiniaga, iniage nimeshamsikia mwanangu."